Una jina tayari, domeni ya maneno ya nini?

Leo tuzungumze pesa.

Kila masika yakiingia na wageni wakipungua Diani, barua pepe za aina moja huanza kuwafikia wenye nyumba za wageni huku pwani ya kusini. Zinatoka kwa mtu asiyejulikana, Kiingereza chake safi, na zinasema hivi: mimi ninamiliki domeni yenye neno Diani, neno ufuo na neno hoteli, yote kwa Kiingereza na yote yameshikana. Watu wengi sana hutafuta maneno hayo kila mwezi. Nakuuzia kwa dola 2,000 kabla sijampelekea jirani yako.

Mwenye nyumba akishasoma, kinachomnyima usingizi ni lile neno la mwisho, la jirani. Basi ananipigia simu, maana mimi ndiye "kijana wa kompyuta", ingawa ujana wenyewe umeshaanza kuniaga. Mwaka huu nimepigiwa mara tatu: Tiwi, Ukunda na Msambweni. Mama mmoja wa Ukunda aliniambia, "Mwanangu, huyu mzungu anasema nisipoinunua nitapotea Google. Nitapotea vipi na mimi niko hapa tangu barabara haijawekwa lami?"

Jibu langu ni lile lile kwa wote. Kama biashara yako ina jina, na watu wanalijua, usinunue domeni ya maneno kwa bei hiyo. Na hata ukipewa bure, usihamie huko.

Kwa walio wageni wa mambo haya: domeni ni lile jina unaloandika ili kufika kwenye tovuti, na pia ndilo linalokuja baada ya alama ya @ kwenye barua pepe ya kampuni. Wengine wanaiita kikoa. Huku kwetu unaweza kuchukua inayoishia .com, au inayoishia .co.ke ambayo husimamiwa na KENIC, shirika lililoanzishwa 2002. Tangu 2017 unaweza hata kuchukua jina linaloishia .ke peke yake. Domeni ya maneno ndiyo ile isiyotaja jina la biashara yoyote, inataja tu kitu ambacho mteja anakitafuta: mahali, bidhaa, huduma.

Sasa, wanaouza domeni hizi si wote matapeli. Wengi wao wanaamini wanachosema, na kuna wakati walikuwa na haki.

Turudi nyuma kidogo. Zamani za saiba za kulipia kwa dakika, watu wengi hawakuwa wakitafuta kitu, walikuwa wakibahatisha. Nimeketi Ukunda mara nyingi nikamwona mtu wa kompyuta ya pembeni akiandika neno, akilifungia .com mwishoni, kisha akisubiri ukurasa ufunguke polepole huku shilingi zake zikihesabiwa. Aliyekuwa na neno zuri alipata wageni bila kutangaza chochote. Ndiyo maana business.com iliuzwa kwa dola milioni 7.5 mwaka 1999, na hotels.com ikanunuliwa kwa dola kama milioni 11 mwaka 2001. Hizo ni pesa za kujenga hoteli yenyewe!

Sababu ya pili ilikuwa Google. Mtambo ule ulipima tovuti kwa viungo vinavyoielekea, na kwa maneno yaliyoandikwa kwenye viungo hivyo. Kama jina lako lenyewe ni maneno yanayotafutwa, basi kila anayekutaja anayataja maneno hayo pia, unapandishwa juu bila jasho. Watu wakajua siri. Wakaanza kununua domeni za maneno kwa mamia, wakaweka ukurasa mmoja mbovu na matangazo tele, na wakakaa juu ya hoteli za kweli.

Mambo mawili yaliua biashara hiyo. La kwanza ni Chrome, iliyotoka Septemba 2008. Ilifanya kisanduku cha anwani na kisanduku cha kutafutia viwe kitu kimoja, na vivinjari vingine vikafuata. Leo mtu akiandika neno pale juu, hapelekwi kwenye neno hilo na .com, anapelekwa kwenye orodha ya matokeo. Kubahatisha kumekwisha. La pili lilikuja Septemba 28, 2012, Matt Cutts, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha Google cha kupambana na tovuti za hila, alipotangaza badiliko la kupunguza domeni zisizo na ubora zinazofanana moja kwa moja na maneno yanayotafutwa. Alisema lingegusa asilimia 0.6 ya utafutaji wa Kiingereza Marekani. Unaiona ndogo? Waliokuwa wakiishi kwa hila hiyo waliiona kubwa. Na tangu hapo Google wamerudia mara nyingi kwamba kuwa na maneno kwenye domeni hakukupi nafasi ya bure.

Kwa hiyo anayekuuzia leo anakuuzia kitu chenye bei ya 2005. Si kwamba hakina thamani kabisa. Kina thamani nyingine, ndogo zaidi, na tutaifikia.

Kwanza tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wa Diani huacha kunisikiliza nikiongea mitambo na kuanza kunisikiliza tena. Chukua nyumba ya wageni ya vyumba 8, chumba shilingi 6,000 kwa usiku. Mgeni akija kupitia mtandao mkubwa wa kuuza vyumba, kamisheni ni asilimia 15 au zaidi. Tuseme 15, ni shilingi 900 kwa usiku mmoja. Dola 2,000 kwa shilingi kama 130 ni shilingi 260,000. Gawanya. Ili domeni hiyo irudishe pesa yake, lazima ikuletee usiku 289 ambao usingeupata moja kwa moja bila hiyo domeni. Ni sawa na kuijaza nyumba nzima siku 36. Na domeni yenyewe, siku unayoinunua, haina kiungo hata kimoja kinachoielekea, haina historia, haina picha. Ni kibao kitupu kilichosimamishwa porini.

Shilingi 260,000 hiyo hiyo inalipa mpiga picha mzuri, inatengeneza pampu ya kisima, na chenji inabaki. Mimi ni mtu wa programu lakini nakwambia, mgeni hakumbuki domeni yako, anakumbuka kama maji ya kuoga yalitoka.

Halafu kuna jambo la maneno yenyewe. Muuzaji anasema "watu hutafuta maneno haya". Watu gani? Wajerumani wamekuwa wakija pwani hii miaka na miaka, na wao nchi yetu huiandika Kenia, kwa i. Neno letu la hoteli nalo ni mtego. Kwa Mzungu ni mahali pa kulala. Kwa mtu wa Ukunda hoteli ni pa kula, unaingia, unaagiza chai na mahamri, unaondoka. Ukijiita kwa neno hilo kwa Kiswahili usishangae ukipigiwa simu kuulizwa kama pilau imebaki.

Hata jina la mahali lina utata. Uwanja wetu wa ndege ni wa Ukunda, vibao vinasema Ukunda, lakini mgeni ameambiwa anashuka Diani. Nimesikia abiria akibishana na dereva wa tuktuk pale nje kwamba ameletwa mji usio wake. Na majina ya hoteli ndiyo usiseme. Kwa miaka mingi kumekuwa na Diani Sea Lodge na kumekuwa na Diani Sea Resort, na Diani Reef pia ipo, zote kando ya barabara ile ile. Dereva akiambiwa "Diani Sea" tu, lazima aulize tena. Hizo ni hoteli kubwa, zina wauzaji wao Ulaya, zinaweza kubeba mchanganyiko huo. Wewe mwenye vyumba 8 ukiacha jina lako la pekee na kujiita kwa maneno yale yale, umejiingiza kwenye umati ukiwa mfupi.

Mimi nina kipimo changu, nakiita kipimo cha tuktuk. Mwambie dereva jina la domeni yako mara moja, kukiwa na kelele za pikipiki, halafu mwambie amtajie mwenzake. Likifika kwa mwenzake bila kuharibika, ni domeni nzuri. Jina lenye maneno manne ya Kiingereza na vistari katikati halifiki hata kwenye njia panda ya Ukunda.

Sasa tazama waliofanya kinyume, wakafanikiwa. Gazi, njia ya kuelekea Msambweni, kuna mradi wa Mikoko Pamoja. Ulianza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013, unalinda hekta 117 za mikoko, na pesa zinarudi kwa vijiji vya Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mteja wao ni mtu wa Ulaya ambaye hajui Kiswahili hata kidogo. Mshauri wa masoko angewaambia wajiite kwa Kiingereza, mikoko, kaboni, Kenya, yote yashikane. Wao walijiita kwa maneno mawili ya Kiswahili ambayo bibi yeyote wa Gazi anaelewa. Leo kila mtafiti na kila gazeti linaloandika habari za mikoko na kaboni linaandika "Mikoko Pamoja", na karibu na jina hilo linaandika maneno yote yale ambayo mshauri angetaka yawe kwenye domeni. Maneno yamewafuata wenyewe. Ukilitafuta jina hilo hakuna wa kuwachanganya naye.

Pale Diani kuna mkahawa ndani ya pango la matumbawe, Ali Barbour's, umekuwepo tangu miaka ya 1980. Jina linacheza na Ali Baba na pango lake. Halina neno mkahawa, halina neno Diani. Nani asiyejua ulipo?

Mfano wa tatu unanipa kazi, na siuepuki. Shirika linalolinda mbega wa Diani lilianza likiitwa Wakuluzu, Marafiki wa Mbega, kwa neno ambalo watu wa huku humwita mnyama huyo. Baadaye likawa linajulikana kama Colobus Conservation, yaani jina la Kiingereza la mbega na neno la uhifadhi. Hayo ni maneno ya utafutaji kabisa! Kwa upande wao naona mantiki: fedha za hisani zinatoka kwa watu wanaojua mbega kwa jina la Kiingereza, na mtu aliyeona mbega amegongwa na gari barabarani anahitaji kuwapata haraka. Lakini walibadilisha jina la shirika lenyewe na kulibeba kila mahali. Hilo ni tofauti kabisa na kubandika domeni ya maneno juu ya biashara ambayo kibao chake, risiti zake na fulana za wafanyakazi wake vinasema jina lingine. Moyo wangu, hata hivyo, bado uko kwa kuluzu.

Najua kuna atakayeniuliza, mbona Booking.com? Hilo si neno la kawaida tu? Ni kweli. Lakini lilianza 1996 Enschede, Uholanzi, likiitwa Bookings.nl, na lilipofika kuwa jina kubwa lilikuwa limemwaga pesa za matangazo ambazo kaunti nzima ya Kwale haiwezi kuzimwaga. Na hata hivyo ofisi ya alama za biashara ya Marekani ilikataa kulisajili kwa kuwa ni neno la jumla. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Juni 30, 2020 majaji wanane kwa mmoja wakasema linaweza kusajiliwa, kwa sababu watu sasa wanalijua kama jina la kampuni. Yaani waliamua kwa sababu ya vichwa vya watu, si kwa sababu ya neno.

Kwetu sheria nayo haina huruma na maneno ya jumla. Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, haikupi kirahisi alama ambayo ni jina la mahali au inayoeleza bidhaa yenyewe. Maana yake, ukijiita Diani na ufuo na hoteli, jirani akijiita karibu vivyo hivyo kesho, utamshika wapi? Na usidhani serikali itakuja kumnyang'anya mzungu wa barua pepe domeni kwa kuwa Diani ni yetu. Kulikuwa na kesi ya barcelona.com: jiji la Barcelona lilishinda kwanza mbele ya shirika la WIPO mwaka 2000, kisha mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Marekani ikageuza, domeni ikabaki kwa aliyeisajili. Jina la mahali si mali ya wenyeji kwenye mtandao. Inauma, lakini ndivyo.

Haya, nilisema kuna thamani ndogo inayobaki. Ipo kwa biashara ambayo mteja wake anakuja mara moja tu na hajali jina. Mtu anataka gari la kumtoa uwanja wa Moi Mombasa hadi Galu. Mtu anataka kujifunza kuteleza baharini kwa tiara, mchezo ambao upepo wa Galu umeuleta. Mtu anataka kwenda kuona pomboo Kisite na kurudi jioni. Huyu haulizi "kampuni fulani iko wapi", anauliza "nani ananipeleka". Akiona kwenye matokeo anwani inayotaja hasa anachokitaka, huenda akaibofya hiyo kabla ya nyingine. Ni mguso mdogo wa macho, hauna uchawi.

Kwa hiyo kama domeni ya namna hiyo iko wazi kwa bei ya kawaida ya kusajili, dola kumi na kitu kwa mwaka ikiwa ni .com, ichukue. Kisha ifanye kazi ya kibao cha njiani tu: ielekeze moja kwa moja kwenye tovuti yako ya jina lako, kwa lile elekezo la kudumu tunaloliita 301. Mwambie fundi wako neno hilo, 301, akikuuliza ni nini tafuta fundi mwingine. Usijenge tovuti ya pili yenye maandishi yale yale. Google atachagua moja na kuiacha nyingine, na mara nyingi hachagui uliyotaka wewe. Na barua pepe usiiguse kamwe, ibaki kwenye jina lako.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi kuliko wauza domeni. Wakati mwenye biashara anahangaika na domeni ya mtu, mara nyingi hata ile yake mwenyewe si yake.

Kuna mzee mmoja wa upande wa Msambweni, ana boti, amepeleka wageni baharini miaka mingi kabla mimi sijajua kompyuta ni nini. Jina la boti yake ndilo jina la biashara. Alitengenezewa tovuti na kijana aliyepita, na yule kijana akaisajili domeni kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe. Kijana akapata kazi Ghuba, akaondoka. Zile taarifa za kukumbusha kulipia zikaenda kwenye sanduku ambalo hakuna aliyelifungua. Muda ukaisha. Domeni ya .com ikiachwa hivyo, baada ya siku za neema za msajili inaingia siku 30 za kukombolewa kwa bei ya adhabu, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, kisha ni ya yeyote mwenye mbio. Aliyekuwa na mbio akaichukua na kuweka matangazo ya kamari.

Mzee hakujua. Yeye haingii tovuti yake, kwa nini aingie? Alichoona ni simu kupungua, akadhani ni msimu. Kumbe kuna mgeni wa Ujerumani, mtu wa kuja kila baada ya mwaka mmoja au miwili, alimwandikia mara tatu na barua zikarudi. Akaamini mzee ameshafariki. Alikuja Diani likizo akaweka nafasi kwa mtu mwingine, na ni ufuoni tu, kwa bahati, akaulizia kaburi, akaonyeshwa mzee mwenyewe akitengeneza mashine ya boti.

Mzee aliponiita, alikuwa na barua pepe mbili mkononi zimechapwa kwenye karatasi. Moja ilikuwa ya muuzaji wa domeni ya maneno ya pomboo na Wasini, dola 1,500. Nyingine, tuliyoipata baada ya mimi kumwandikia aliyechukua jina lake, ilitaka dola 900 ili kumrudishia jina la boti yake. Akaniambia, "Kijana, kwa pesa hizo si bora nichukue hiyo ya pomboo, nianze upya?"

Nilimwambia, "Hapana mzee, lipia lako." Nimesema muda wote huu usitoe pesa nyingi kwa domeni, na hapa nikamshauri atoe. Sioni mgongano. Jina la boti limeandikwa kwenye vitabu vya wageni, kwenye maoni ya watu mtandaoni, nyuma ya picha zilizotundikwa sebuleni kwa watu Hamburg. Kila siku kuna mtu anayeliandika kwa sababu anamkumbuka mzee. Maneno ya pomboo hakuna anayemkumbuka mtu kwayo. Tulivutana na yule mtu wiki kadhaa, bei ikashuka chini ya nusu, mzee akalipa. Domeni sasa ni ya jina lake, nenosiri liko kwenye daftari la binti yake, na imelipiwa mbele miaka kadhaa.

Wewe nawe angalia leo, usingoje masika. Domeni yako imesajiliwa kwa jina la nani? Barua ya kukumbusha inakwenda kwa nani? Nambari ya siri ya kuihamisha unayo? Kama unatumia .com, chukua na .co.ke ya jina lile lile, ni kama shilingi elfu moja na kitu kwa mwaka, ili mtu asije kukaa mlangoni kwako. Hiyo ndiyo domeni ya ziada ninayoweza kumshauri kila mtu ainunue bila hata kufikiri.

Siku hizi kuna na hili la watu kuuliza mitambo ya akili bandia badala ya kutafuta. Nimejaribu mwenyewe kuuliza nilale wapi Diani. Jibu linakuja na majina ya mahali na sifa zake, kama vile anayejibu ni jamaa aliyewahi kupita. Anwani za tovuti hata hazionekani hadi uombe. Sijui mtu aliyelipa dola 2,000 kwa anwani atajisikiaje.

Ila kuna uwanja mmoja ambao domeni za maneno bado zina maisha, na wauzaji wa ng'ambo hawaujui: Kiswahili. Mtu wa Ukunda friji yake ikiharibika haandiki Kiingereza cha kitabuni, anaandika fundi friji Ukunda. Anayetafuta chumba cha kupanga Kombani anaandika hivyo hivyo. Mafundi wengi hawana jina la biashara, wanajulikana kwa kazi na mtaa, kwa hiyo maneno ndiyo jina lao. Mimi nilisajili moja ya .co.ke ya namna hiyo na kuielekeza kwenye ukurasa mmoja wenye nambari ya simu ya binamu yangu, ambaye ni fundi wa friji. Mwezi uliopita alipata simu nne kupitia ukurasa huo. Tatu zilikuwa za friji, na moja ya mtu aliyetaka kununua domeni.